Barua haitakuja: kanuni za jimbo hutangazwa wapi, na ukipinga kuna mtu anasikia?

SWALI: Habari yako kaka. Niko Brooklyn Park hapa Minnesota, nina gruphomu ya watu wanne wenye ulemavu na wafanyakazi sita. Mwezi uliopita mkaguzi wa leseni alikuja akaandika makosa mawili, na moja ni kitu nimekuwa nikifanya hivyo hivyo tangu nifungue na haikuwahi kuwa makosa. Nikamuuliza mbona sikuambiwa, akasema ilitangazwa. Ilitangazwa wapi? Mimi barua sikuona, emeli sikuona. Na nasikia kuna mengine yanakuja. Hivi vitu hutangazwa wapi, na mtu mdogo kama mimi akisema hataki, kuna mtu anasikia ama ni kujichosha tu?

JIBU: Dada, pole kwa hiyo ya mkaguzi, najua inavyouma kuambiwa umekosea kitu hukujua kimebadilika.

Jibu fupi kwanza. Barua haitakuja. Idara ya jimbo ikitaka kutunga kanuni inalazimishwa kuichapisha pahali pamoja panapojulikana, na kufanya juhudi za kutosha kuwafikia wale wataguswa, kwa newsletter, kwa magazeti, kwa emeli, njia yoyote inaeleweka, lakini haimaanishi kila mwenye leseni atapata bahasha mlangoni, hapana. Bahasha ama emeli inamfikia mtu aliyejiandikisha apate. Na la pili, ndio, kuna mtu anasikia, lakini anasikia kwa siku chache sana na anasikia zaidi mkiwa 25. Wengi wetu tunakuja kulalamika mbele ya mkaguzi, na mkaguzi ndiye mtu wa mwisho kwa hiyo laini yote, hana uwezo wa kubadilisha hata koma.

Sasa tuingie ndani.

Unakumbuka Kenya Gazette, ile hutoka Ijumaa, watu huifungua wakitafuta mambo ya urithi na mashamba? Ya Minnesota inaitwa State Register. Inatoka kila Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu inatoka Jumanne, tangu 1976 hadi leo. Inachapishwa na idara ya Administration na kwa mtandao ni bure kabisa, ni PDF, hakuna kufungua akaunti wala kulipa. Ndani yake utakuta kanuni zinazopendekezwa, kanuni zilizopitishwa, zile za njia ya mkato, amri za gavana, halafu kuna sehemu ya notisi rasmi za idara mbalimbali, na huko nyuma kabisa kuna grants na tenda za serikali (hiyo sehemu ya nyuma nashangaa watu wetu hawaisomi, manake kuna pesa huko, lakini tuiache, siku nyingine).

Ukifungua mara ya kwanza angalia chini ya kurasa za kanuni, kuna maandishi madogo yanaeleza jinsi ya kusoma, na hapo ndio watu huteleza. Kwa kanuni inayopendekezwa, maneno yamepigwa mstari chini ni mapya, yamekatwa katikati ni yanaondolewa, na hiyo ni kulinganisha na kanuni iliyopo leo. Lakini ukifika kwa kanuni iliyopitishwa, mstari ule ule na mkato ule ule unalinganisha na ile pendekezo, sio na kanuni ya zamani! So mtu anafungua kanuni iliyopitishwa anaona kumekatwa neno moja tu anasema ah, wamebadilisha neno moja, kumbe wamebadilisha ukurasa mzima na hilo neno moja ni kile walirekebisha baada ya watu kutoa maoni. Ukiona imeandikwa kwamba imepitishwa kama ilivyopendekezwa, na hakuna maandishi marefu, usifikiri ni ndogo, rudi kwa ile namba ya State Register wanakutajia, ndio maneno yenyewe yako huko. Zinaandikwa hivi, namba ya juzuu, halafu herufi SR, halafu ukurasa. Juzuu inaanza upya kila Julai pamoja na mwaka wa fedha.

Haya, sasa kuna kitu muhimu kuliko yote nimesema, na mkaguzi wako hakukuambia, labda hata yeye hakufikiria. Mambo mengi yanayokubana wewe hayako kwa kanuni kabisa. Yako kwa sheria ya bunge. Tofauti ni kubwa sana, manake kanuni inatungwa na idara na inapita kwa State Register, na sheria inatungwa kule St. Paul na senate na house, gavana anasaini, haipitii hiyo njia ya Jumatatu hata kidogo. Huduma zako za waiver (ule mpango wa Medicaid unaolipia huduma za watu wenye ulemavu nje ya hospitali) zinasimamiwa na 245D, ambayo ni sheria, ilianza kufanya kazi Januari 2014. Background study za wafanyakazi ni 245C, sheria pia. Masaa ya mafunzo, yale 24 kwa mwaka kwa mfanyakazi wa huduma za intensive mwenye uzoefu chini ya miaka mitano, na 12 kwa aliyezidisha, yako 245D.09, sheria. Hata ile mwaka wa 2009 walipofunga mlango wa leseni mpya za corporate foster care (nyumba za huduma ambazo mwenye leseni mwenyewe haishi humo), ilikuwa ni bunge. Mtu angekaa anasoma State Register kila Jumatatu kwa uaminifu kama anasoma Biblia, na hayo yote angeyakosa.

Unajuaje ni gani? Angalia namba. Sheria ya bunge inaandikwa kama 245D.09, tarakimu chache, mara nyingi na herufi, nukta, halafu kifungu. Kanuni inaandikwa tarakimu nne, nukta, tarakimu nne, kwa mfano zile za adult foster care zinaanza 9555.5105 zinaenda hadi 9555.6265. Zote mbili ziko kwa websaiti moja ya ofisi ya Revisor of Statutes, bure, na chini ya kila kifungu kuna historia imebadilishwa mwaka gani. Kwa hiyo chukua hiyo karatasi ya mkaguzi, tafuta namba ameandika, nenda chini kwa historia. Ndani ya dakika kumi utajua ni nani alibadilisha na lini, na nadhani sana utakuta ni bunge.

Bunge linafanya kikao mapema mwaka na linafunga Mei. Sheria ikipita bila kutaja tarehe inaanza Agosti 1, zile za bajeti Julai 1, na zingine wanaandika tarehe yao wenyewe, Januari 1 inapendwa sana. Ndio maana kila mwaka kuanzia Juni hivi idara ya leseni huandika muhtasari wa mabadiliko kwa wenye leseni, wanautuma kwa ile listi ya emeli na kuuweka kwa websaiti. Hiyo ndio "ilitangazwa" ya mkaguzi, karibu nina uhakika. Na hiyo emeli inaenda kwa anwani uliyoandika siku unafungua, kama ilikuwa ya mtoto wako ama ile ya zamani ya Yahoo basi inaenda huko huko. Leo usiku ingia ubadilishe.

Hiyo ni upande wa sheria. Kwa kanuni sasa, ambapo ndio kuna nafasi ya kusema, hii ndio njia inavyokwenda.

Inaanza na notisi inaitwa Request for Comments. Inatoka kwa State Register angalau siku 60 kabla ya pendekezo lenyewe, na wakati huo mara nyingi hakuna maandishi bado, ni idara inasema tunafikiria kubadilisha kanuni za kitu fulani, mnasemaje. Watu wanaipuuza kwa sababu hakuna kitu cha kusoma. Mimi nasema hii ndio nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu mwenye kuandika bado hajaandika, hana kiburi cha kutetea maneno yake. Baadaye akishaandika na kupitisha kwa bosi na kwa Revisor kila neno unataka libadilike anakuwa analitetea.

Na kuna kitu kingine unaweza kuomba hapo, watu wengi hawajui. Idara lazima ieleze itawafikia vipi watu wataguswa zaidi ya kuchapisha tu, wanaita Additional Notice Plan. Hapo unaweza kuandika, jamani wenye hizi nyumba wengi huku kaskazini-magharibi mwa Minneapolis ni Waafrika, kuna makanisa, kuna vyama vyetu, kuna redio na makundi ya WhatsApp, tunaomba mpango wenu uwataje hawa. Halafu mpango wa kutangaza ukipelekwa kwa jaji wa utawala kuangaliwa, hayo maneno yako yapo kwa faili. Haigharimu kitu.

Baada ya hapo linakuja pendekezo lenyewe, na pamoja nalo kuna karatasi ndefu inaitwa SONAR, hiyo ni maelezo ya idara kwa nini kanuni inahitajika na kwa nini ni ya busara. Notisi kwa State Register itakuambia utaipata wapi. Wengi wanasoma kanuni hawasomi SONAR, mimi nasoma SONAR kwanza. Sheria inawataka waseme humo ni nani ataguswa, ni nani atabeba gharama, gharama zenyewe zinaweza kuwa kiasi gani, kama kuna njia rahisi zaidi na mbona hawakuichukua, na itakuwaje wasipofanya chochote. Wakati mwingine kwa gharama utakuta sentensi mbili kavu za kusema gharama itakuwa ndogo. Hapo ndio pa kuingilia! Kwa sababu wewe unajua gharama na wao wamekisia.

Kuna kitu ndani ya hapo kinahusu biashara ndogo moja kwa moja. Lazima idara iamue kama mwaka wa kwanza kufuata kanuni kutagharimu zaidi ya dola 25,000 kwa biashara yoyote moja yenye wafanyakazi wa full-time chini ya 50. Wewe na wafanyakazi wako sita uko ndani. Ikizidi hapo, biashara hiyo inaweza kuandika kudai isamehewe mpaka bunge lipitishe sheria ya kuikubali hiyo kanuni, na jaji anaangalia kama idara iliamua vizuri. Kuna milango kadhaa idara inaweza kutokea, kama kanuni imelazimishwa na serikali ya shirikisho, lakini bado hiyo 25,000 ni namba wanaiogopa, na kama una risiti zinaonyesha unaikaribia, zilete.

Muda wa maoni ni angalau siku 30. Sasa hapo ndio ile 25 inaingia. Kama watu 25 ama zaidi wataandika kwa muda huo wakitaka kikao cha hadhara, idara haina ujanja, lazima kikao kifanyike mbele ya jaji wa utawala, ambaye sio mfanyakazi wa hiyo idara. Wasipofika 25 idara inaweza kupitisha bila kikao, na jaji anaangalia makaratasi tu. Idara nyingi hutoa notisi ya aina mbili kwa pamoja, inasema hatutarajii kikao lakini kikao kikiombwa kitakuwa tarehe fulani, so ukiona tarehe ya kikao kwa notisi usijiambie basi nitaenda siku hiyo, soma vizuri, hiyo tarehe inakufa kama hamkufika 25.

Na ombi liwe sawa, manake lisipokuwa sawa halihesabiwi. Jina lako, anwani yako, na useme ni sehemu gani ya kanuni unapinga, ama useme unapinga yote. Kusema tu "sitaki hii kanuni" bila kutaja kikao ni maoni, sio ombi la kikao. Mkipanga kwa kundi la WhatsApp kila mtu aandike yake na namba ya kifungu ndani, msitume maneno yale yale mmekopi kwa simu halafu wengine wamesahau anwani, mnapata 31 mnadhani mmeshinda kumbe zinazohesabika ni 19.

Sasa maoni yenyewe. Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu nimesoma maoni mengi ya watu wetu na yanaumiza moyo, ni ya kweli lakini jaji hana la kufanya nayo. "Sisi ni biashara ndogo tunajikakamua, mnatuua, Mungu anawaona." Sawa, anawaona, lakini kazi ya jaji ni kuangalia kama idara ina mamlaka ya kutunga, kama imefuata hatua, na kama imeonyesha kanuni inahitajika na ina busara. Mpe kitu kinachogusa moja ya hizo.

Tuchukue mfano wa kutunga tu, isiwe mtu akadhani hii iko njiani. Tuseme idara inapendekeza kila mfanyakazi aongezewe masaa nane ya mafunzo ya ana kwa ana kila mwaka. Wewe unaandika hivi. Mimi nina leseni ya aina hii, watu wanne, wafanyakazi sita. Masaa nane mara sita ni 48. Nalipa dola 20 kwa saa, hiyo ni 960. Lakini mfanyakazi akiwa darasani siwezi kuacha nyumba bila mtu, kwa hiyo nalipa mwingine masaa yale yale 48, hiyo ni 960 nyingine, na wawili kati yao watakuwa wameshafika masaa 40 ya wiki kwa hiyo yao ni moja na nusu. Ada ya darasa ni hii, nimeambatisha risiti ya darasa la mwisho. Darasa la ana kwa ana la karibu ni mjini, na wafanyakazi wawili hawana gari. SONAR ukurasa fulani inasema gharama ni ndogo, haikuhesabu mtu wa kujaza zamu. Napendekeza kifungu hiki kiruhusu nusu ya masaa kwa mtandao, na maneno yawe hivi, halafu unayaandika maneno yenyewe. Ukurasa mmoja na nusu. Hiyo barua ni vigumu idara kuipuuza, kwa sababu imeonyesha shimo kwa hesabu yao na imewapa njia ya kulifukia. Nafikiri barua moja ya hivyo ina uzito kuliko arobaini za Mungu anawaona, ingawa hizo arobaini ndizo zitakupa kikao, so unahitaji zote mbili!

Kikao kikifanyika, nenda hata kama Kiingereza chako unakiogopa, unaweza kusoma ulichoandika. Na baada ya kikao mlango haufungwi siku hiyo, kuna siku tano za kazi za kuongeza maandishi, jaji anaweza kuzirefusha hadi siku 20, halafu siku tano zingine za kazi za kujibu yale wengine wameleta, hapo huruhusiwi kuleta ushahidi mpya. Kitu kizuri ni kwamba unasoma majibu ya idara na kuwajibu. Watu wanaenda kikao, wanaongea vizuri, wanarudi nyumbani, na hizo siku zinapita na wakili wa chama kikubwa cha watoa huduma peke yake ndiye anaandika.

Jaji akimaliza, idara inaweza kurekebisha lakini haiwezi kugeuza kanuni ikawa kitu tofauti kabisa na ile ilitangazwa, hiyo lazima irudi mwanzo. Gavana ana siku 14 za kuikataa. Halafu notisi ya kupitishwa inachapishwa, na kanuni inaanza siku tano za kazi baadaye, isipokuwa imeandikwa tarehe nyingine. Siku tano za kazi! Jumatatu kwa Jumatatu. Mtu anayesubiri kusikia kwa mkaguzi hana nafasi kabisa.

Sio kila kitu kinapita njia ndefu hiyo. Kuna kanuni za njia ya mkato bunge likiruhusu, kuna zile idara inadai ina sababu nzuri ya kuruka hatua, na zingine za hizo zinaisha zenyewe baada ya miaka miwili. Kwa hizo za sababu nzuri siku za kusema ni chache zaidi.

Na kuna sehemu ya notisi rasmi ambayo kwako nadhani ni muhimu kuliko hata kanuni, kwa sababu ni pesa. Mabadiliko ya waiver, hizi CADI, BI, DD unazolipiwa nazo, lazima yakubaliwe na serikali ya shirikisho, na masharti yao yanataka wananchi wapewe angalau siku 30 za maoni kabla jimbo halijapeleka ombi. DHS, yaani idara ya Human Services ya jimbo, huchapisha notisi za waiver humo humo kwa State Register. Hakuna kikao cha watu 25 huko, hakuna jaji, ni maoni tu, lakini majibu ya jimbo kwa maoni yanaenda pamoja na ombi. Ukitaka kujua mbona rate imebadilika, mara nyingi fununu ilikuwa hapo miezi mingi kabla.

Labda unajiuliza pia kama mkaguzi anaweza kukushika na kitu ambacho si sheria wala si kanuni. Inatokea. Idara inaandika bulletin, manual, fomu, majibu ya maswali, na taratibu hizo zinaanza kutumika kama kanuni. Minnesota ina kifungu cha hiyo, 14.381, kinakuruhusu kumwomba jaji wa utawala aseme kama idara inatumia mwongozo kana kwamba ni kanuni wakati haikuipitisha kama kanuni. Lakini usikimbilie huko na hasira, ukishindwa unaweza kubebeshwa gharama, na idara zina misamaha mingi kwa sheria. Kwanza uliza tu kwa upole, tena kwa maandishi: naomba namba ya sheria ama ya kanuni. Nimeona hilo swali peke yake likimaliza mambo, mkaguzi anarudi ofisini kutafuta namba na harudi tena na hiyo hoja.

Kwa wale watasoma hii wakiwa majimbo mengine, msichukue tarehe zangu mkazitumia kwenu. Texas Register hutoka Ijumaa, inachapishwa na ofisi ya Secretary of State, huko pia ni siku 30 na huko pia watu 25 wanaweza kulazimisha kikao, ama chama chenye memba 25, na pendekezo likikaa miezi sita bila kupitishwa linakufa lenyewe. Washington State Register hutoka mara mbili kwa mwezi, na watu wa Kent na Tacoma mjifunze fomu tatu tu, CR-101 ni tunafikiria, CR-102 ni tumependekeza, CR-103 ni tumepitisha. Ohio ya kwao iko kwa mtandao tu, na kuna kamati ya bunge inaitwa JCARR inayozipitia, huko ndio pa kupigia kelele. Na Federal Register ni ya Washington DC, hutoka kila siku ya kazi, hiyo ni ya nchi nzima, mtu asije akakutumia link yake akisema ndio kanuni ya Minnesota.

Kwako wewe dada, wiki hii fanya hivi. Andikia DHS, na idara nyingine yoyote inayogusa nyumba yako kama ya Afya, kwamba unataka kuwekwa kwa listi ya watu wanaopewa notisi za kutunga kanuni. Hiyo listi iko kwa sheria, kila idara lazima iwe nayo, na unaweza kuchagua emeli ama posta. Hii ni tofauti na ile ya habari za watoa huduma, jiandikishe zote mbili. Kila idara pia ina docket, orodha ya kanuni zote inazozishughulikia na imefika wapi, isome mara moja kwa mwezi. Jumatatu mpe binti yako ama meneja kazi ya kufungua State Register na kutafuta maneno mawili matatu, "Human Services", "245D", "waiver", haichukui muda wa kunywa chai.

Na hiyo karatasi ya makosa, kama ni correction order (amri ya kurekebisha makosa) na unaona mkaguzi amekosea, unaweza kuomba iangaliwe upya kwa maandishi. Siku za kuomba zimeandikwa kwa hiyo karatasi yenyewe, kwa miaka mingi zimekuwa 20 za kalenda tangu uipate, na kuomba hakusimamishi wajibu wa kurekebisha, kwa hiyo rekebisha huku unaomba. Usiiache tu ipite, manake correction order huwekwa kwa ile Licensing Lookup ya jimbo, na familia inayotafuta pahali pa kumweka mtu wao, na case manager wa kaunti, wote wanaisoma huko. Umesema alikuja mwezi uliopita, kwa hivyo angalia tarehe uliyoipokea kabla ya kulala.